Kona ya Jiwe

Kona ya jiwe ilikuwa imemegeka tena.

Mama aliinama juu ya hori, akapapasa pale palipomegeka. Palikuwa na makali. Hii haikuwa kazi ya Madoa, ng'ombe wake. Ng'ombe hulamba jiwe la madini mpaka likawe laini kama sabuni iliyotumika. Kulimega hawezi, maana mbele, upande wa juu, hana meno.

"Mwizi yumo humu humu," alisema bintiye, ameegemea nguzo ya banda. "Na unamjua."

Mama alitoka bandani, akarudi, akatoka tena. Madoa alikuwa amepandishwa mara kadhaa bila kushika mimba, na maziwa yalishakauka. Bado dume moja tu la kujaribu. Baada ya hapo, ni mchinjaji.

Jiwe lile, jekundu kama tofali, lililetwa na daktari wa mifugo.

"Huyu anakosa madini," alisema siku ile, akinawa mikono uani. "Mwacheni alambe kila siku. Asiyepata madini hashiki mimba, hata umfanyeje."

Aliyekuwa akimmiminia maji ni mkwe, mke wa mwana wa pekee wa Mama. Alimimina, akamimina, hadi viatu vya daktari vikalowa chapachapa.

"Akili yako iko wapi wewe?" Mama alifoka.

"Mwache, mama," binti alidakia. "Nyumba yetu ina matasa wawili. Mwenye pembe ndiye mwenye akili."

Mama alicheka mpaka machozi. Hata mkwe alicheka, kiganja mdomoni kama kawaida yake, kuuficha mwanya.

Sasa Mama hakuwa na kicheko. Alivuka ua, ndoo akaipiga teke, akaingia chumbani kwa mkwe bila hodi. Binti alimfuata unyounyo.

Mkwe alikuwa akikunja nguo. Kwenye pindo la shuka alilojifunga kiunoni palikuwa na fundo.

"Umefunga nini hapo?"

"Hamna kitu, mama."

"Fungua."

Mkwe alilishika fundo kwa mikono miwili. Binti hakungoja; alilivuta pindo, likafunguka. Kipande chekundu kikadondoka sakafuni.

"Ehee! Si nilikwambia?" Binti alipiga makofi. "Wifi yangu ana duka! Anawauzia majirani."

"Unampelekea nani?" Mama aliuliza.

Mkwe alitazama vidole vya miguu yake.

"Nakuuliza, unampelekea nani? Ng'ombe wangu anakwenda kuchinjwa, wewe unagawa dawa yake?"

Mkwe alilifunga tena pindo la shuka.

"Basi funga virago. Mumeo akirudi jioni asikukute. Utasa nimeuvumilia. Wizi, hapana."

Mkwe alivuta begi kutoka chini ya kitanda, akaanza kutia nguo alizokuwa amezikunja. Zipu ilikwama. Akaivuta, ikakwama tena. Hakuna aliyemsaidia.

Mama aliokota kile kipande akirudishe horini. Alipofika mlangoni, akasimama. Kilikuwa na unyevu. Alikigeuza, akakiinua kwenye mwanga.

"Twende, mama," binti alisema. "Unaangalia nini?"

"Nyamaza."

Ukingoni mwa jiwe palikuwa na alama za meno. Yalikuwa meno madogo, yamekwangua kwa nguvu, na katikati yake pameachwa pengo jembamba.

Mama alirudi taratibu, akaketi kitandani kando ya begi.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Unakula jiwe la ng'ombe?"

Mkwe aliacha zipu. Safari hii hakufunika mdomo.

"Nilimega kidogo tu, mama. Lililobaki nilimwachia Madoa, ili tushike wote wawili."