Shahidi wa Umaskini

Wendelin ndiye aliyejitolea kuthibitisha kwamba Beata ni maskini. Wendelin huyo huyo ambaye Beata alikuwa anakwenda kumshtaki.

Alifika asubuhi na pikipiki yake, amevaa koti la Jumapili. "Shemeji, nasikia wanataka ndugu wa marehemu asaini. Panda twende. Sisi si wanyama."

Tangu Valence, mume wa Beata, azikwe, mdogo mtu huyu alikuwa anavuna kahawa ya kaka yake pale Litumbandyosi bila haya, na kwenye ngoro, mashimo ya kilimo cha mlimani ambayo Beata aliyachimba kwa jembe lake mwenyewe, alikuwa amepanda maharage. Bila wakili, mjane anakwenda kwenye baraza la ardhi kusindikiza wenzake tu. Na wakili wa bure hupewa asiye na uwezo, tena aliyeshuhudiwa na ndugu. Beata akapanda.

Katika ofisi ya msaada wa kisheria, Mbinga mjini, foleni ilifika barabarani. Msaidizi wa kisheria, Gaudiosa, alianza kwa onyo analomsomea kila mtu: atakayedanganya kwenye fomu ananyang'anywa wakili.

"Mume?"

"Marehemu."

"Watoto?"

"Watatu."

"Ng'ombe? Duka?"

"Sina."

"Shamba?"

Beata alitazama mikono yake. Alivyolelewa yeye, mke hatamki "shamba langu" mbele ya ndugu wa mume. Ni kumvua mtu nguo. Miaka kumi na tisa alisema "shamba la baba Hilda" huku sugu zikiwa kwenye mikono yake. Na shemeji alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini.

"La marehemu," alisema, macho chini.

"Kwa hiyo unalo au huna?"

"Andika hana, dada," Wendelin alisema kwa upole. "Ardhi ni ya ukoo. Akionekana ana shamba la kahawa si mtamnyima wakili? Mtaka haki atahangaika mpaka lini?"

Gaudiosa alimtazama Beata. Beata akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Malalamiko yenyewe utamweleza wakili."

Beata aliweka dole gumba. Wendelin alisaini chini yake kwa mwandiko mzuri, kisha akaichukua fomu na kukimbia nayo steshenari ya jirani kutoa kopi. "Karatasi hupotea maofisini, shemeji. Bora na sisi tuwe nayo."

Jumapili iliyofuata, kwenye jumuiya, Beata aliomba wenzake wamwombee shemeji yake. Alilia kidogo alipokuwa akimtaja. Nyumbani akamwambia Hilda aanze tena kumwamkia baba yake mdogo.

Ombi la wakili lilikubaliwa. Wakili alikuwa Zabron, mtu wa sauti nzito, na siku ya kesi aliitumia yote. Alieleza nani alichimba ngoro, nani alibeba miche kichwani, nani alipalilia akiwa na mimba ya miezi minane. Akasema mke aliyelima pamoja na mumewe ana haki katika shamba hilo, na haki hiyo haizikwi na mume. Watu kwenye mabenchi waliguna kwa kukubali. Beata, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alikaa wima.

"Mdaiwa, una wakili?" mwenyekiti wa baraza aliuliza.

"Sina, mheshimiwa. Na maneno sina mengi."

Wendelin alitoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, akarudi kukaa na kofia yake magotini. Zabron alinyoosha shingo kuitazama. Akaketi bila kuambiwa.

Mwenyekiti aliisoma kimya, kisha kwa sauti. "'Mwombaji hana shamba, wala haki katika ardhi yoyote.'" Akavua miwani. "Mama Beata, hili dole gumba ni lako?"