Aliyepewa Mguu wa Seifu

Siku hizi mchezaji akifa, klabu huuchukua ufundi wa miguu yake na kumpandikizia mchezaji mpya. Ndiyo maana mazoezi ya kabla ya msimu hujaza watu. Mashabiki wanataka kujua nani amepewa nani.

Mimi nilikwenda kumtafuta marehemu kaka yangu, Seifu. Mama hakuthubutu kuja. Aliniambia tu, "Mwangalie anayejisugua kigimbi kwa kiatu kabla ya kupiga mpira."

Nilikaa pembeni, nimeshika tama.

"We dada, umekuja mpirani au msibani?" mzee mmoja akanitania. Watu wakacheka, nami nikainama.

Halafu mchezaji mpya, Ndaki, akatenga mpira wa adhabu. Akajisugua kigimbi kwa kiatu, taratibu, kama Seifu. Mpira ukapinda, ukaingia.

"Seifu! Seifu huyo!" uwanja ukalipuka. Nilisimama.

Kocha akapuliza filimbi. "Acha kujisugua, unampa kipa nafasi ya kujipanga. Rudia!"

"Mguu unakwenda wenyewe, kocha."

"Basi uzoeshe."

Ndaki alirudia mpaka jua likageuka. Mwishowe mguu ukainuka moja kwa moja, bila kujisugua, ukapiga, ukafunga. Akarudia vilevile, safi. Mashabiki wakashangilia kuliko mwanzo.

Mama alinipokea mlangoni. "Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Alijisugua?"

"Ndiyo."

Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akatabasamu. "Basi kesho twende wote, mwanangu. Sasa naweza."