Ndoo ya Kumpokea Mgeni

Kampuni ya korosho ilipohamia mtaani kwao Newala, watu walijaa vibarazani kutazama lori. Stamili, muuza maandazi, yeye aliwapelekea wageni ndoo ya maji, ndiyo maji yote aliyobakiwa nayo ndani.

Dereva akashukuru, akaiinamisha kwenye tairi lenye vumbi.

Stamili akaudaka mkono wake. "Hayo ya kunywa, mwanangu. Huku kwetu mgeni tunampokea kwa maji."

Meneja wa kampuni alisikia. "Shikamoo, mama," akasema, akachutama, akanywa kikombe kizima, kisha akawapa wapakuzi mpaka ndoo ikakauka.

Stamili akaitwika tena. Akapita katikati ya barabara, shingo imenyooka, polepole, kama anayeogopa kumwaga.