Kahawa ya Mfukoni

Mgeni aliingia soko la Mwaloni saa tatu asubuhi, wanawake wakipima dagaa, akiwa na picha ya maiti kwenye simu.

Alipita meza kwa meza. Watu walitazama, wakatikisa vichwa. Alipofika kwa Dorcas alikuwa amechoka hata kusalimia.

"Tunatafuta ndugu zake," alisema. "Alikuwa fundi wa injini kwenye boti zetu. Alijiita Shimba. Juzi ziwa limemtupa upande wa Kamanga."

Dorcas aliiangalia picha. "Na hiki kidonda cha kisogoni?"

"Boti ilimgonga."

"Boti hiyo ina mkono."

Mgeni hakucheka. "Shimba si jina lake. Kuna mtu amemtambua kwa sura tu. Alikuwa akikimbia mita mia nne mashindano ya vyuo, uwanja wa hapo Kirumba. Wanajeshi wakamwona, wakamchukua, akawa ofisa. Si wa gwaride. Wa kukaa kimya na kusikiliza." Aliangalia pembeni. "Upelelezi wa jeshi. Sasa mtu mkubwa hivyo azikwe kama mbwa?"

"Jeshi si lije limchukue?"

"Jeshi linasema halina mtu kama huyo."

Dorcas alirudisha simu. "Na sisi wauza dagaa tunaingiaje hapo, kaka yangu?"

Mgeni akatoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa kwa uzi wa mgomba. "Tulimkuta na kahawa za kutafuna mfukoni. Ndiyo maana nawaulizia Wahaya."

"Mhaya wetu ni yule. Dada Prudencia! Njoo uone ya kwenu."

Prudencia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyehamia sokoni miaka mitatu iliyopita kutoka Muleba. Wenzake wote waliitwa mama fulani. Yeye walimwita kwa jina lake tu, kwa sababu aliwaambia hakujaliwa mtoto.

"Shikamoo mama," mgeni alisema.

"Marahaba."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama picha. Kisha akapokea kifurushi, akakigeuza mara moja, akakirudisha.

"Kahawa hizi zinauzwa hata melini."

"Za melini hazifungwi hivi. Mafundo matatu, la mwisho limepindwa kushoto. Mzee mmoja ameniambia mkono wa mfungaji hujulikana."

"Mzee huyo amekudanganya. Wengi tunafunga hivyo."

Mgeni alisogea karibu, akalegeza sauti. "Kesho saa nne anazikwa na wasio na ndugu. Kaburi halitakuwa na jina. Akitokea mtu leo, tajiri wetu anatoa jeneza na gari mpaka kwao. Mhaya anazikwa kwenye migomba ya baba yake. Sivyo, mama?"

"Ndivyo."

"Mama yake angekuwa hapa, angemwacha?"

"We kaka," Dorcas aliingilia, "huyu hajazaa. Unamtonesha kidonda cha nini?"

"Samahani, mama." Lakini macho yake hayakuondoka usoni pa Prudencia. "Basi wenzake. Alikuwa na wenzake wawili hapa hapa Mwaloni. Nao tunawatafuta. Waje wamzike."

"Yeye mwenyewe simjui, nitawajua wenzake?"

Prudencia aliokota kopo, akaendelea kumpimia mteja wake. Mgeni akakitia kifurushi mfukoni, akahamia meza nyingine.

"Dada, ndoo imejaa," Dorcas alisema.

Dagaa walikuwa wakimwagika chini. Prudencia aliinama, akawaokota mmoja mmoja.

"Maskini mama yake huko aliko," Dorcas alisema. "Afadhali hajui."

"Afadhali."

Mgeni hakuondoka. Aliketi kwa muuza chai, akaagiza kikombe kimoja kilichomchukua mchana mzima, akawa anaangalia nani atafunga meza mapema. Hakuna aliyefunga. Prudencia aliuza magunia mawili siku hiyo. Mteja mmoja alipomwomba amwongezee, akamjibu kama alivyowajibu wateja siku zote, "Nikuongezee tena? Si uchukue na meza basi." Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Jua lilipokaribia kuzama alifunika meza yake pamoja na wenzake, akapanda mlima taratibu hadi kwenye chumba chake katikati ya mawe. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo.

Juu ya sanduku palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba alichokifunga jana, kikisubiri Jumamosi, siku ya mwenyewe kupita kukichukua. Mafundo matatu, la mwisho limepindwa kushoto. Alikichukua, akaketi sakafuni, akajiziba mdomo kwa kanga ili majirani wasisikie.

"Nimesema kama nilivyokuahidi, mwanangu," alinong'ona. "Nimesema sikujui, wala wenzako siwajui."