Sahihi ya Mlezi

Bi Zawena, jirani, anaapa kwamba alimkuta Nakiete jikoni akizungumza na moyo wa mbuzi. Kweli ni kwamba Nakiete, muuguzi wa miaka arobaini na mbili, alikuwa ameupasua kwa kisu cha vitunguu, akivitaja vyumba vyake vinne kwa sauti kabla ya kuukaanga.

"Mpaka uumalize huo udaktari, wajukuu zako ndio watakaokutibu," Bi Zawena alimtania.

"Basi nitawasahihisha."

Jirani alipoondoka, Nakiete alifuta meza akaitandaza fomu ya chuo. Kote alikuwa amekwisha kujaza, isipokuwa sehemu moja: sahihi ya mzazi au mlezi. Wazazi wake walikwisha kufa. Akamwita binti yake mkubwa, Mkunde, ambaye ndiye angebaki akiwalea wadogo zake wawili, wa mwisho akiwa Senkoro.

Mkunde aliisoma yote, hata ukurasa wa nyuma.

"Miaka mitano?"

"Mitano."

"Na Senkoro bado anaogeshwa."

"Najua."

Mkunde alichukua kalamu, akaijaribu kwenye kiganja. Mstari wa buluu ukatokea.

"Niwekee sahihi, mama," Nakiete alimwomba binti yake.