Chembe Iliyosimama Kamukuywa

Swali la kwanza lilikuja kabla ya chai, na hapo Wakhungu akajua kwamba wakwe hawa wa Kitale si watu wa mchezo.

Yeye ndiye msemaji wa ukoo. Alikuwa amewaposea vijana wengi wa Bungoma, na alijua kwamba siku ya posa hakuna neno linalosemwa wazi. Mwenye binti akiulizia mvua, anataka kujua kama mna shamba. Akisifu ng'ombe wa jirani, ameshaanza kutaja mahari. Kazi ya msemaji ni kufumbua, kisha kujibu kwa adabu.

Leo alikuja na watu wawili tu: Kevin, mtoto wa marehemu kaka yake, na Rosaline, mama yake Kevin. Hakuna kati yao aliyewahi kufika hapa. Bibi harusi mtarajiwa, Chepkemei, aliwaelekeza kwa simu: geti jeusi, baada ya mashine ya kusaga mahindi. Baba yake, alisema, anapenda masomo kuliko chakula. Kisha akazima simu, maana binti hufichwa mpaka aitwe.

Njia nzima Rosaline alirudia jambo moja. "Shemeji, ongea yote. Lakini ile maneno ya Kamukuywa uiache."

Kamukuywa kulikuwa na mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa na mtoto wa Kevin. Chepkemei alijua. Baba yake hakujua, na akijua leo, hakungekuwa na harusi.

Aliyewafungulia geti jeusi la kwanza walilolikuta alikuwa mzee wa miwani, vidole vyeupe kwa chaki.

"Ni nyinyi watu wa Bungoma? Mmechelewa. Tumeshaanza."

"Ni barabara, mzee," alisema Wakhungu.

"Kila mtu ana barabara. Ketini."

Viti vya sebuleni vilipangwa safu, vyote vikitazama ubao. Watu wazima wachache walikuwa wameketi kimya. Ukoo wa binti, bila shaka. Chai haikuonekana. Harufu ya nyama ya kuchoma ilitoka ng'ambo ya ua, kwa jirani. Muda si muda mzee mwingine, koti jipya na tai, aliingia akinyata na daftari mkononi.

"Nimechoka kungoja," alimwambia mwenye miwani. "Nimeona nikae hapa kidogo." Akaenda kuketi nyuma.

"Ona," Rosaline alinong'ona. "Hata huyu anatusema ati tumechelewa."

Mwenye miwani akasoma kitu kwa Kiingereza, kisha akakieleza kwa Kiswahili, polepole.

"Chembe moja inasafiri kwenye mstari ulionyooka. Imetoka mahali panaitwa O. Ukitaka kuelewa haya maneno, ipe jina. Ifanye mtu unayemjua, umfuate njiani." Macho yake yakatua kwa Kevin. "Swali la kwanza. Mwanzoni kabisa, wakati saa ni sifuri, ilikuwa imetulia pale O, ama ilikuwa mbioni tayari?"

Wakhungu akamtupia Kevin jicho. Mtu anayesafiri alikuwa hapa, ameketi. O ni kwa mama yake.

"Mbioni, mzee. Alimaliza shule leo, kesho akaondoka. Hata kuku aliyechinjiwa hakumngoja."

"Sahihi. La pili. Tangu hapo mpaka iliporudi O, ilisimama kwa kitambo mara ngapi? Angalieni vizuri. Kusimama kwa kitambo si kukaa. Mwendo unakuwa sifuri, mara inageuka."

Rosaline alimfinya Wakhungu ubavuni. Kevin akajibu haraka, "Mara moja."

"Fikiria tena, kijana."

Wakhungu aliitazama chaki, akautazama ubao. Alikuwa mtu wa kupima jambo pande zote, na hili kila upande lilikuwa lile lile: mzee huyu anajua. Kukana mbele ya mkwe anayejua ni kumwita mjinga nyumbani kwake.

"Mara mbili," alisema. "Ya kwanza ni huko mbali, Kamukuywa. Ya pili ni aliporudi kwa mama yake, akasimama mlangoni kwa aibu."

"Ya kwanza mbali, ya pili pale pale O." Mwenye miwani aliitikia kwa kichwa. "Na hata kalamu hujashika."

"Haya si mambo ya kalamu, mzee."

"La mwisho. Hapa ndipo wengi huanguka. Imesharudi O. Je, tuseme safari yake ni sifuri, kana kwamba haikutoka?"

"Si amerudi, bana," alisema Rosaline. "Mtu akirudi, amerudi. Hiyo ingine ni ya nini?"

"Mama, kutoka O mpaka alipo sasa ni sifuri, nakubali. Mimi nauliza njia aliyotembea."

Wakhungu akasimama, akavua kofia.

"Kurudi hakufuti njia. Kevin wetu alikwenda, akageuka, na pale alipogeukia kuna mtoto amefanana naye mpaka masikio. Hatuwezi kusema ni sifuri."

Kevin alifunika uso. Kule nyuma, kalamu ya mzee wa tai ilisimama.

Mwenye miwani alipiga makofi. "Tangu nianze kufundisha, sijasikia mtu akilieleza hivyo. Nyinyi mtapita mtihani. Sasa nipeni majina. Darasa langu la watu wazima lilikuwa limebakisha nafasi tatu, za watu wa Bungoma."

Kule nyuma, mzee wa tai alifunga daftari lake taratibu.

"Hao usiwaandike, Mwalimu," alisema. "Ni wageni wangu wa posa. Mbuzi wao yuko kwangu, hapo ng'ambo ya ua, anapoa. Na lile swali la mwisho nitawauliza tena huko, mimi mwenyewe."