Nafasi ya Nyumba Moja

Sheria iliipa kila nyumba nafasi moja tu maishani: mtu mmoja azame, ayaone matumbawe hai. Biubwa alikuwa ameshakaa ukingoni mwa boti, miwani ya kuzamia mkononi, mumewe Hatibu alipompokonya na kujitosa. Rafiki zao wakashangilia.

"Pole, shemeji," mmoja wao, Mkanga, akamcheka. "Kichwa cha nyumba ndiye huyo!"

Kwa pupa yake Hatibu hakuvitemea mate vioo vya miwani, jambo ambalo kila mzamiaji hulifanya. Huko chini vikashika ukungu, akaona weupe mtupu. Alipokuwa akihangaika kuvifuta, kengele ikalia. Muda wao ulikwisha.

Akapanda. Biubwa hakumpa hata taulo.

"Haya, mwizi. Nieleze."

"Pazuri mno! Samaki wekundu, wengi."

"Na matumbawe?"

"Ya... manjano. Mengine buluu."

Biubwa alimkazia macho. Hakuna aliyecheka tena botini.

"Utanieleza kila siku nitakayokuuliza, mpaka ufe. Ole wako ubadilishe hata rangi moja. Anza upya."

Hatibu alifungua kinywa, akijaribu kukumbuka alikuwa amesema samaki ni wa rangi gani.